Nane Badala ya Sita

Siku mkaguzi Mzungu alipokuja, nilikuwa na miezi minne tu ya ualimu. Shule yetu ya kati ilikuwa Iramba, juu ya mteremko wa Sekenke, na gari lake tulilisikia likiunguruma mlimani muda mrefu kabla ya kuliona. Mwalimu mkuu alinijia mbio.

"Anaanza na darasa lako. Usitetemeke."

Mwaka uliotangulia mkaguzi huyohuyo aliketi nyuma ya darasa la mwalimu aliyenitangulia, na kabla ya mavuno mwalimu huyo alikuwa amefukuzwa, amerudi kwao kulima uwele.

Nilikusudia kuwapa darasa la nane x² + 5x + 6. Nikaandika ubaoni, nikawageukia. "Tafuteni namba nzima mbili. Mkizizidisha zitoe ile ya mwisho, mkizijumlisha zitoe tano."

Mbili na tatu, basi. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Kalamu ya mkaguzi ilikwaruza karatasi.

"Mbili na nne, mwalimu?" mvulana mmoja akajaribu.

"Jumla yake?"

"Sita."

"Kaa chini!"

Nilidhani wananifanyia makusudi. Ndipo akasimama msichana wa mbele, mmoja wa wasichana wawili tu darasani.

"Mwalimu, hazipo."

Nilitaka kumkaripia. Nikatazama ubao kwanza. Mkono wangu ulikuwa umeandika nane.

Ningeweza kufuta haraka na kumwambia amekosea, nani angemsikiliza? Alikuwa bado amesimama, akinitazama, naye anaogopa kama mimi.

"Ni kweli," nikasema. "Nimekosea mimi. Nilitaka sita."

Mkaguzi akainuka, akamwuliza kwa Kiswahili, "Umejuaje kwamba hazipo, si kwamba umeshindwa kuzipata?"

"Nane inatoka kwa njia mbili tu, Bwana. Moja na nane, au mbili na nne. Hakuna inayotoa tano. Na zikiwa hasi, jumla nayo itakuwa hasi."

Akaandika kitu, akatoka.

Kwa majuma matatu kila nikisikia gari nilitoka nje kuangalia mteremko. Barua ilipofika, mwalimu mkuu alinisomea: nibaki, ila nijifunze kutulia. Nikaiomba, nikaisoma mwenyewe mara mbili nikitafuta habari za yule msichana. Humo hamkuwa na neno juu yake.

Jumamosi nilitembea hadi kwao, nikampa baba yake shikamoo, nikamwambia asimwozeshe kabla ya mtihani wa darasa la nane.

"Ana nini cha ajabu huyu binti?" akauliza.

Nikamweleza yote, hata kosa langu.