Shimo la Saileji Kando ya Kaburi la Susu

Harufu ya saileji haisahauliki: tamu ya molasi, chachu ya uji uliolala. Mwenzenu mwili hunisisimka hadi leo, na nichekeni mkitaka.

Mwaka huo, kwetu Masinga, mvua ilitupiga chenga. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, Katune, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu mchanga, maana mama alikuwa mgonjwa na hakuwa na ya kunyonyesha. Baba alikuwa amefundishwa kutengeneza saileji, yaani kuhifadhi nyasi zingali mbichi ziwe lishe ya kiangazi: unakatakata majani ya nepia, unanyunyizia molasi, unashindilia shimoni, kisha unafunika kwa nailoni na udongo hewa isiingie. Lakini ardhi ilikuwa imekauka ikakataa jembe kila mahali, isipokuwa kando ya kaburi la susu, nyanya yetu, ambako udongo ulikuwa laini. Baba, na kichwa chake kigumu, akachimba hapo hapo.

Tulikanyaga nyasi tukiimba mpaka mama alipotoka nje. Alilitazama shimo, urefu na upana wake.

"Baba Mutuku," akasema, akimwita kwa jina langu, "shimo kama hili halifunikwi bila mtu. Litamngoja mwenyewe."

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Tulilifunika, tuta la udongo likabaki juu yake, na mama akakataza lisifunguliwe. Wapita njia walivua kofia wakiuliza nani ametutoka. Baadaye tuta likaanza kutitia, vile makaburi hufanya. Siku moja nililigusa, nikalikuta na joto. Nilitoka mbio.

Kiangazi kikakaza. Katune akabaki mbavu, maziwa yakakatika, mtoto akalia kutwa. Mama ndiye aliyekataza shimo lisifunguliwe, na mama ndiye aliyeshindwa na kilio hicho. Alijikokota hadi pale, akapiga udongo kwa kiganja, akasema, "Hodi." Sote tulitega masikio, kana kwamba kuna wa kuitikia. Baba alipoinua nailoni, shimo lilishusha pumzi, pumzi kabisa, ya uvuguvugu. Katune akala, mtoto akanenepa. Kila asubuhi mama alibisha kabla ya kuchota.

Siku hizi natengeneza saileji kwenye mapipa ya plastiki, juu ya ardhi, na mbuzi wangu hawana habari. Mwaka jana mama alituacha. Vijana waliochimba kaburi walitafuta mahali laini, wakaanza kabla sijafika. Harufu ya saileji ndiyo iliyonipokea, pale pale kando ya susu. Mdogo wangu, sasa mtu mzima mwenye ndevu, aliuliza ni ya nini, na baba akatazama kando. Kabla ya jeneza kushushwa niliinama, nikapiga udongo kwa kiganja, nikambishia mama hodi.