Nilivyompigia Mtani Wangu Kelele za Mwizi

Jamani, hii habari nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu najifunika uso, lakini mmeng'ang'ania, basi niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Nilikuwa bado mwanachuo, nimepelekwa mazoezi ya kufundisha shule moja ya kijijini, upande wa Tura, Unyamwezini, na chuoni tulishahubiriwa kwamba watoto wana mila tofauti, hivyo mwalimu ajitambulishe kwao, naye ajifunze zao (hapo pa kujifunza mimi nikaparuka). Siku ya kwanza nikasimama kwa madaha, "Mimi Mwalimu Mwajuma, Mzaramo wa Dar es Salaam!" Watoto wakaangaliana, wakacheka, nikadhani wamenipenda.

Kumbe habari imefika majumbani. Siku mkufunzi wangu alipokuja kunikagua, yuko nyuma ya darasa, mimi nafundisha jasho linanitoka, akaingia bibi mmoja, hodi hakuna, akabeba mkoba wangu mezani, akajitwika, "Mali ya Mzaramo ni yangu!" na huyo, akatoka. Zana zangu zote za somo zimo mle! Nikamfuata mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, huku napiga kelele, "Mwizi! Mwizi!"

Neno lile mnalijua. Watu wakatoka mashambani na marungu, na nilipomwona yule bibi katikati yao, mdogo, mkoba kichwani, nikapenya mbio hadi kwake. Nikamkumbatia.

"Msimpige, nawaomba!"

Bibi akanitazama. "Nani anipige? Wewe si mtani wangu?"

Wakaangua kicheko, wengine mpaka wakakaa chini. Mwalimu mkuu ndiye aliyenieleza kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na kuchukuliana vitu ndiyo karibu yenyewe. Bibi Kashindye, ambaye mjukuu wake nilikuwa namfundisha, alikuja kunikaribisha!

Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi, nisamehe."

"Marahaba. Utanilipa jogoo," akasema, akanifuta machozi kwa khanga yake, akanirudisha darasani kwa mkono, na mkufunzi (macho mekundu kwa kucheka) akaniambia nianze somo upya.

Sasa nikihamishiwa shule mpya, kabla sijauliza kisima kiko wapi nauliza watani wa hapo ni akina nani. Na lile neno nimeapa halitoki tena mdomoni mwangu, hata mtu akininyakulia simu sokoni, nitamkimbilia nikiuliza, "Samahani, kwenu ni wapi?"