Ndege Ziko Nyingi

Nilipomwambia dada yangu kwamba narudi pwani ya Tanzania kupiga picha za ndege, alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

"Kunguru ziko hapa juu ya paa, wewe! Piga hizo."

Tulizaliwa kule wote wawili, lakini yeye Nyamirambo, hapa Kigali, imemtosha. Mimi nina miaka arobaini na ushei, na miguu bado inaniwasha.

Nilimtaka sululu, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, aliyekuwa akitutangulia matopeni utotoni, maji yakipwa. Nilimpata asubuhi nyuma ya mikoko, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wakikimbia pembeni yake. Nikalala kifudifudi, nikapiga picha mpaka mlinzi akanisimamia kichwani.

"Mzee, unapiga nini hapa?"

"Ndege. Ziko nyingi."

Uso wake ukabadilika. Kigali kila kitu "ziko" na hakuna anayeshtuka. Kwa mtu wa pwani, ndege walio wengi wana manyoya. Ndege zilizo nyingi zina marubani. Na nyuma ya miti ile kulikuwa na uwanja mdogo wa ndege.

"Ndege za nani? Futa zote."

"Sifuti."

"Futa, au hiyo kamera inabaki kwangu."

Nikaketi kwenye tope, nikaikumbatia. Ningeweza kusema "wako wengi" yakaisha. Sarufi hiyo nilifundishwa mji uleule. Lakini akaongeza: "Nyie wageni mnatuharibia lugha." Mgeni, mimi? Kitovu changu kimezikwa mtaa wa pili kutoka pale!

Nikamgeuzia kioo cha kamera. "Tazama. Rubani yuko wapi?"

Akainama, akatazama picha moja baada ya nyingine, mpaka ile ya sululu akimmeza kaa mzimamzima. Akaangua kicheko.

"Kumbe ndege hawa! Haya, sema 'wako wengi', nikuache na picha zako."

"Ziko nyingi."

"Mbishi wewe! Nitakupeleka kwa mkubwa wangu."

"Nipeleke. Na yeye nitamwambia ziko."

Akasonya. Akatazama kule uwanjani, akanitazama mimi nilivyotapakaa tope mpaka masikioni, akaketi juu ya gogo kunichunga. Maji yalikuwa yameanza kujaa na sululu anasogea karibu. Nikajilaza tena, yeye akinisahihisha "wako, wako" nyuma yangu, nami nikipiga picha.