Wataogelea?

Kijicho kilikuwa kinamla Marlene Pruden, na wala tusimfichie. Ramani za wilaya ile ya kaskazini mwa Manitoba, Kanada, alizichora yeye, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ilipokuja kazi ya maana, kutafuta mahali pa hospitali mpya, bosi wake Friesen akamkabidhi Curtis, kijana aliyehamia juzi tu kutoka jiji la Winnipeg. Kipya kinyemi, kingawa kidonda!

Curtis alizichukua ramani za vijiji, barabara na mito, akazipandanisha kwenye kompyuta, ikamchagulia kijiji cha Pine Landing. Wagonjwa wengi wangefika huko upesi. Ofisi nzima ikamshangilia. Marlene alitafuna andazi lake kana kwamba anamtafuna mtu.

Wiki nzima akawa anaichungulia ramani ile kama mke mwenza anavyochungulia chungu cha mwenzake. Mara akapiga meza kofi.

"Haa! Nimekupata, mtoto wa mjini!"

Wagonjwa wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wamepitishwa kwenye barabara ya barafu, juu ya ziwa lililoganda. Wakati wa baridi malori hupita pale bila wasiwasi, lakini kiangazi ni maji matupu. Hakumwambia Curtis neno. Alingoja kikao, aibu iwe ya hadharani.

"Bosi," alisema mbele ya wote, "mwezi wa saba, barafu ikishayeyuka, wagonjwa watafikaje huko? Wataogelea?"

Watu wakaangua kicheko. Curtis aliiva uso hadi shingoni.

Friesen hakucheka. "Nani aliichora hiyo kama barabara ya mwaka mzima?"

Ndipo Marlene akakumbuka. Salaale! Alikuwa yeye mwenyewe, zamani, msimu wa baridi, akiwa na haraka zake. Curtis aliirithi tu ramani yake. Akamtazama, naye Curtis alikuwa anamtazama. Kijana alijua ni nani aliyeichora.

"Kosa langu, bosi," Curtis akasema. "Nilipaswa kukagua. Dada Marlene ametuokoa."

"Basi kuanzia leo kazi hii ni yako, Marlene," Friesen akakata shauri.

Mlangoni Marlene akamshika mkono Curtis. "Mbona hukunitaja?"

"Aa, yaishe, dada. Hata wewe ungenisitiri."

Marlene alijua asingemsitiri ng'o. Akarudi mezani pake na kazi aliyoililia, akakaa, akamtazama kijana yule akichota kahawa na kutaniana na wenzake. Roho ikamuuma kuliko jana. Sasa alimwonea wivu kwa wema wake.