Mdomo wa Deo

Hata leo, sufuria ya maharage ikifurika na mchuzi ukamwagikia motoni, harufu ya lile jivu lililolowa hunirudisha kwenye jiko la mama, nyumbani kwetu Ngara, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Lukole, miaka ile kambi za wakimbizi wa Burundi zilipokuwa zimejaa watu. Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu Deo alikuwa na mitatu, na alikuwa hataki kula.

Nisikufiche, mimi jambo hilo halikuniudhi hata kidogo. Alichokataa Deo nilikila mimi.

Wakubwa ndio waliokosa raha. Saa ya chakula kwetu ilikuwa kama kesi. Mama alimpakata Deo, Bibi akakaa mbele yake na fimbo ambayo hakuwahi kuitumia, baba akamwahidi soda, nasi wote tukamkodolea macho. Deo alipokea tonge, akalisukumia shavuni, akakaa nalo mpaka jua likageuka. Siku aliyopimwa uzito kliniki, alama kwenye kadi yake ilikuwa imeshuka kutoka rangi ya kijani. Mama alirudi, akaketi mlangoni bila hata kuvua kitenge alichojitanda.

Msimu ule alikuwa akija kutusaidia kulima mama mmoja Mrundi kutoka kambini, tukimwita Mama Spesi. Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana bila mkalimani. Alikuja na binti yake Spesi, wa miaka minne, mwembamba, mwenye macho ya udadisi. Kazi ikiisha waliondoka na ndizi, ujira wao.

Adhuhuri moja Mama Spesi aliitazama ile kesi yetu, akashindwa kuvumilia.

"Mureke," alisema kwa Kirundi, yaani mwacheni. "Mama Deo, unisamehe. Mpe sahani yake mwenyewe, akae na Spesi mkekani. Sisi tugeukie huko."

"Tukigeuka atawamwagia kuku," alisema Bibi.

"Awamwagie. Kuku nao wale."

Tukawapa mgongo, wakubwa wakaanza kuzungumzia magugu. Mimi nilichungulia chini ya kwapa langu. Spesi alichukua harage moja, akamtia Deo mdomoni. Deo naye akatafuta harage kubwa kuliko yote, akamtia Spesi. Wakacheka. Likafuata jingine, kisha kipande cha ndizi, na Deo akatafuna, akameza! Bibi alitaka kupiga vigelegele, Mama Spesi akamshika goti.

Siku ya nne sahani ya Deo ilikuwa tupu, na tumbo langu likanguruma. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa macho makali. Nikamwona Spesi akifunga kipande cha ndizi kwenye pindo la gauni lake.

"Mama! Spesi anaiba!"

Wote waligeuka. Spesi akaangua kilio, ndizi ikaanguka chini. Mama Spesi aliiokota, akaipangusa mchanga taratibu.

"Anamwekea kaka yake," alisema. "Yuko kambini, anaumwa."

Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Hata ndizi zao hawakuchukua.

Kesho yake hawakuja, wala siku iliyofuata. Deo alikaa mkekani peke yake, mdomo ameufumba. Mama hakunichapa, afadhali angenichapa. Asubuhi ya tatu alifunga ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, akanikabidhi, akanipeleka njia panda wanapopita watu wa kambini wakienda kulima.

"Utasema mwenyewe," aliniambia, akasimama pembeni.

Nilipowaona wakija, nilisogea katikati ya njia.

"Shikamoo, Mama Spesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiki ni cha kaka yake Spesi. Spesi si mwizi. Nilikosea mimi. Naomba mrudi, Deo hali tena."

Alilipokea lile jani. "Na wewe umekula?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Akafungua lile jani, akanimegea kipande cha ndizi, akangoja mpaka nikamaliza. Kisha akalifunga tena na kusema, "Haya, twende kwa Deo."

Tangu siku hiyo Mama alimfungia Mama Spesi chakula cha mgonjwa kwenye jani kila walipoondoka. Yule kaka alipona, na alama ya Deo ikapanda. Baadaye walirudi kwao Burundi, nasi hatukuonana tena.

Siku zile nilitembea kifua mbele, mtoto wa nyumba inayolisha wakimbizi. Ilinibidi nizae watoto wangu ndipo nielewe: yule mama aliketi akaongea habari za magugu, akasubiri mtoto wa watu ashibe, na wake mmoja yuko kambini na njaa na homa. Sisi ndio tuliokuwa tunalishwa.