Konserto ya Murugi na Hotuba ya Mheshimiwa

Murugi alirudi Nyeri mwaka wa 1971 na hasira mbili. Ya kwanza alitoka nayo Ujerumani, ambako alipiga piano miaka mingi kwenye kumbi za kifahari huku wenyewe wakimuuliza, kwa adabu kabisa, kama hangependa kuvaa ngozi za wanyama jukwaani. Ya pili alipewa nyumbani.

Mamake, Watiri, alikuwa mfuaji wa vitambaa vya meza katika klabu ya walowezi nje ya mji. Aliingia kwa mlango wa nyuma, na piano ya klabu aliisikia kupitia ukuta. Uhuru ulipokuja, walowezi wakauza mashamba wakaenda zao. Piano ikabaki, viti vya ngozi vikabaki, na wakubwa wapya wakavikalia kabla havijapoa. Watiri akaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma.

Basi Murugi alitaka jambo moja tu: mamake akae ndani ya ukumbi ule asikie konserto nzima, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa konserto ya Ulaya ya karne iliyopita, piano ikipokezana na okestra, ile iliyompatia jina, yenye sehemu tatu na ghadhabu ya kutosha wilaya nzima. Okestra haikuwepo. Mwalimu Ngatia angeshika nafasi yake kwa kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, kinachokohoa kama lori linalopanda mlima.

Nafasi ilipatikana siku ya karamu ya Mheshimiwa, waziri mdogo wa kitu fulani. Murugi alimwonya mapema Gatimu, mwenyekiti wa klabu, mamake akiwa kando akikunja vitambaa.

"Mzee, iko na sehemu tatu. Katikati nitanyamaza kidogo. Hapo sijamaliza, napumua tu."

"Nimekusikia, dada. Kwani sisi ni washamba?"

Siku yenyewe, Watiri alikuta kiti chake cha mbele kimekaliwa na mkoba wa mke wa Gatimu. Akaonyeshwa kigoda kando ya mlango wa jikoni.

Sehemu ya kwanza ilishuka kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ilipoisha, Murugi akainua mikono, akapumua. Gatimu akaruka kama aliyekalia siafu.

"Makofi ya kilo! Asante, dada yetu! Sasa bila kupoteza wakati, karibu Mheshimiwa!"

Kila mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano huku anaijua sheria: mgeni rasmi akishasema, hakuna anayesema tena isipokuwa yule wa kuombea chakula.

"Mzee, nimebaki na mbili!"

"Mbili gani? Umepiga ya kutosha. Hizo zingine utapigia watu wakikula."

Wakikula! Murugi alimtazama mamake pale mlangoni mwa jikoni, akageuka, akaanza sehemu ya pili.

Hiyo ni ya polepole, tena tamu. Mheshimiwa akasimama, akadhani ni ya kusindikiza hotuba yake. Alilegeza sauti kama mhubiri, akafumba macho, akasifu majosho ya ng'ombe kwa uchungu mkubwa, hadi bibi mmoja wa mbele akatoa kitambaa. Ngatia, anayelipwa na serikali, alikumbuka mshahara wake, akaacha kukanyaga.

Kisha ikaingia sehemu ya tatu.

"Serikali yenu..." alisema Mheshimiwa, akazimwa. Palipokuwa zamu ya okestra, sasa bila Ngatia, palibaki kimya, naye akajipenyeza hapo: "...imeleta..." Akazimwa tena. "Majosho!" alipiga kelele kwenye kimya kingine, kama mtu anayezama. Mwishowe akashika kofia yake, akatoka. Kamati yote ikamfuata mbio, na mkoba ukaondoka pia.

"Umetuharibia mkutano!" Gatimu alifoka kutoka mlangoni. "Hapa hautapiga tena! Hata Kerugoya hautapiga!"

Na kweli hakualikwa tena kokote. Maisha yake yote yaliyobaki aliyaishi kijijini Gatitu, akifundisha watoto wa wafanyabiashara kupiga nyimbo za harusi. Lakini siku hiyo hakugeuka. Wanawake wa jikoni waliingia na miiko yao, wakakalia viti vya ngozi. Watiri akaja mbele na mwiko aliopewa jikoni, akaketi pale palipokuwa na mkoba.

Murugi akagonga pigo la mwisho, akainua mikono.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walimtazama Watiri.

"Umemaliza," akauliza, "ama unapumua?"

"Nimemaliza, maitu," akamjibu mamake.

"Haya." Watiri akaweka mwiko chini, akaanza kupiga makofi.