Mwana wa Mchana Mmoja

Laiti siku ile ningekataa kumwita Ami Saidi baba. Juzi, dukani Hamriya, huku ng'ambo alikonileta Ami utotoni, nilimwona mtoto akilamba halwa vidoleni, nikaukumbuka mchana ule: ofisi ikinuka ubani na jasho, Ami akinitafutia pasi ya kusafiria. Baba yangu, nduguye Ami, alikuwa keshakufa. Mama alibaki Unguja.

"Mwana wa nani huyu?" aliuliza karani.

"Wangu na mke wangu. Hebu itazame pua!" Ami alicheka, akinifinya bega. "Au si kweli, mwanangu?"

"Kweli, baba," nikasema, nikidhani ni mchezo wa mchana mmoja. Nikapewa halwa.

Ukubwani niliishi Ujerumani. Mama alipougua, niliiomba ofisi ya wageni imruhusu aje kwangu. Afisa alizisoma karatasi zangu, akasema, "Huyu si mama yako. Hapa ameandikwa mwanamke mwingine."

Mama alifia Unguja, mimi sipo.